Ua Mgongoni mwa Daikichi

Nina miaka sabini na moja, na tangu niache kazi ya kupika shuleni sikuwa nimekimbia hata hatua kumi. Lakini asubuhi ile ya Agosti nilikimbia, tena kupanda ngazi, tena na mbwa wawili, kamera inanipiga kifuani na mwenyekiti wa mtaa anahema nyuma yangu. Kila nikisimulia habari hii moyo unanienda mbio upya, na kila anayenisikiliza anasema ninatia chumvi. Sitii hata punje.

Mtaa wetu uko mlimani, hapa Nagasaki. Huku juu kila kitu ni ngazi. Gari linaishia kwenye duka la tofu, ile jibini ya soya, na kuanzia hapo ni miguu yako na mapafu yako. Friji langu lilipandishwa na vijana wawili mgongoni, na mmoja wao alinitazama vibaya mpaka akaondoka.

Kila siku alfajiri, saa kumi na moja na nusu, natoka na Gonta na kamera. Gonta ni mbwa wa rangi ya kahawia, mnene, mkaidi, na akiamua kukaa chini amekaa. Kamera nilipewa na wapishi wenzangu siku ya kustaafu. Napiga picha zile zile kila siku na sichoki: kona ya ngazi yenye sanamu ya jiwe iliyofungwa kitambaa chekundu shingoni, moshi wa duka la tofu, mapaa ya nyumba, na mbwa. Mbwa wote wa mtaa nawapiga. Watu siwapigi nyuso. Kumpiga mtu sura hivi hivi ni kumkosea adabu, kwa hiyo nimezoea kuwakata shingoni. Nina maelfu ya picha za mbwa wenye furaha wanaoshikwa na watu wasio na vichwa.

Na sisi watu wa mbwa hatujuani majina. Mimi ni Mama Gonta. Yule binti anayepaka watu kucha mjini, mwenye mbwa wa manyoya ya kujisokota, ni Mama Momo. Siku ya kwanza mnapokutana mnaulizana jina la mbwa, umri wa mbwa, na mbwa anakula nini. Jina la mtu unasahau kuliuliza. Ukipita mwezi unaona haya. Ikipita miaka miwili haiwezekani tena. Utamwambiaje mtu uliyesalimiana naye asubuhi mia saba, "Samahani, hivi unaitwa nani?"

Ndivyo ilivyokuwa kwa Baba Daikichi. Miaka sita! Mzee mrefu, mwembamba, mabuti ya mpira ya buluu hata jua likiwaka, maneno machache. Kila asubuhi anamtazama Gonta na kusema, "Leo amenona zaidi." Kila asubuhi nakasirika. Mbwa wake, Daikichi, ni mweupe, sikio moja limekunjika, mpole kupita kiasi. Hawakukosa hata siku moja. Mwaka ule wa tufani, wakati paa la ghala la hekalu lilipoondoka na upepo, wapumbavu wawili tu ndio tulitoka nje na mbwa: yeye na mimi.

Sasa asubuhi ile. Saa kumi na mbili kamili nafika bustani ndogo ya mtaa, tunapokutania. Mama Momo yupo, ananipepea na kofia yake. Mara Daikichi huyo anaingia peke yake, kamba inaburuta nyuma yake, anakwenda moja kwa moja mahali pake chini ya bembea na kukaa.

Nilicheka. Kweli, mwanzo nilicheka. "Daikichi, baba yako umemwacha wapi?"

Tukangoja. Dakika moja, mbili, tano. Hakuna mabuti ya buluu. Kicheko kikaniisha.

"Labda kalala, Mama Gonta," alisema Mama Momo. "Uzee."

"Kalala, na hii kamba Daikichi kajifunga mwenyewe?"

Akaitazama kamba. Nilimwona anaelewa, maana rangi ilimtoka usoni.

"Alikuwa tayari kutoka," nikamwambia. "Kamfunga mbwa, kafungua mlango. Kisha kikatokea kitu. Yuko chini mahali fulani, mlangoni au kwenye ngazi. Na jua hilo linakuja."

Wiki nzima joto lilikuwa limepita digrii thelathini na tano. Ikifika saa tatu, sakafu ya mlangoni inaunguza. Mzee aliyelala chini bila maji hafiki mchana.

"Twende kwake basi!"

"Kwake wapi?"

Tulitazamana kama mazuzu. Miaka sita, na hakuna aliyejua. Yeye hutangulia kufika na ni wa mwisho kuondoka. Tunamkuta bustanini, tunazunguka pamoja na mbwa, tunarudi na kumwacha bustanini.

"Daikichi!" Mama Momo akapiga kelele na kuruka. "Daikichi anajua! Daikichi, nyumbani! Nenda nyumbani!"

Jamani, yule mbwa alisimama kama mwanajeshi. Masikio juu, hata lile lililokunjika, akaanza kuvuta. Tukamfuata. Mimi na Gonta, Mama Momo na Momo, mbio mbio, moyo wangu unadunda kwa furaha. Mbwa mwenye akili! Nilikuwa tayari kumnunulia ini la kuku.

Akatupeleka kwenye kona ya sanamu. Akasimama. Akakaa chini vizuri, kifua mbele, akaniangalia.

"Anafanya nini?" akauliza Mama Momo.

Nikaona haya kumjibu. Alikuwa anangoja apigwe picha. Miaka sita nimempiga hapo kila asubuhi, sasa hawezi kupita bila picha. Nikainua kamera, nikampiga, akasimama, akaendelea.

Akatupeleka kwenye duka la tofu. Bibi wa tofu akatoka na makapi yake ya soya kiganjani, kama kawaida, Daikichi akayala taratibu. "Leo baba yuko wapi?" akauliza bibi.

"Ndiye tunayemtafuta! Anakaa wapi?"

"Ala! Mimi nitajuaje? Hununua kipande kimoja, anasema asante, anakwenda."

Kutoka hapo akatupeleka kisimani, akanywa. Akanusa nguzo saba, nimezihesabu. Kisha akakata kulia, tukapanda ngazi fupi, Mama Momo akasema, "Sasa, sasa tunafika!" na kweli tulifika. Tulifika bustanini. Daikichi akaenda chini ya bembea akakaa mahali pake, ameridhika kabisa.

Nilitaka kulia na nilitaka kumzaba kofi. Tumempa matembezi! Kwake yeye, njia ya kwenda nyumbani ni kuzunguka kwanza duara zima la kila siku, na kutoka bustanini anamfuata baba yake. Na baba yake hayupo, kwa hiyo anangoja. Dakika ishirini na tano zimekwenda.

Bustanini watu walikuwa wamejaa. Saa kumi na mbili na nusu ni mazoezi ya viungo ya redio, wazee wapatao thelathini wamejipanga mistari. Mbele yao, juu ya kreti la bia, amesimama Bwana Kusano, mwenyekiti wa mtaa. Kichwa hakina hata unywele, filimbi shingoni. Bwana Kusano na mimi hatupatani. Yeye anawaogopa mbwa na anajifanya kuwachukia, mimi namjua.

"Bi Motomura!" akapaza sauti. "Mbwa nyuma ya mstari! Mara ngapi nimesema?"

"Zima redio, mwenyekiti."

"Nini?"

"Zima hiyo redio! Kuna mtu anakufa!"

Sauti yangu ilikuwa ikiwanyamazisha watoto mia nne kwenye ukumbi wa kulia chakula. Mikono ya wote thelathini iliganda hewani. Bwana Kusano, ambaye kwa miaka kumi na tisa hajawahi kukatiza mazoezi, hata siku ya tetemeko dogo, aliinama na kuizima redio.

Nikamweleza. Akavaa miwani, akatoa orodha yake mfukoni. Anatembea nayo huyu, nyumba mia moja arobaini na mbili, kila jina na zamu yake ya kufagia ngazi.

"Jina lake?"

"Baba Daikichi."

"Hilo ni jina la mbwa."

"La mbwa ni Daikichi. La mtu ni Baba Daikichi."

"Bi Motomura, usinichezee! Unamjua mtu miaka sita na hujui jina lake?"

"Na wewe unajua majina mia na arobaini, hebu niambie, mzee mrefu mwenye mabuti ya buluu ni yupi humo?"

Akaitazama orodha. Ikamtazama. Hakuna.

Mama Momo alikuwa tayari kwenye simu na kituo kidogo cha polisi. Polisi alikuwa mpole, lakini naye akauliza jina, akauliza anwani. Kwenye ukosi wa Daikichi kuna kibati chenye namba ya usajili, lakini ofisi yenye kumbukumbu hizo inafunguliwa saa tatu kasorobo. Saa mbili nzima na zaidi!

"Haya," akasema Bwana Kusano. "Wewe si unatembea na hilo likamera kila siku, unakipiga picha kila kinachopumua? Toa sura yake. Tuwaonyeshe watu, mmoja atamtambua."

Nikaiwasha kamera. Nikaanza kurudisha nyuma. Daikichi na mabuti. Daikichi na mabuti. Daikichi na mkono ulioshika kamba. Daikichi, mabuti, na mfuko wa kinyesi. Wazee walikuwa wamenizunguka, wananyoosha shingo.

"Yuko wapi?" akauliza mmoja.

"Ndiye huyo."

"Haya ni mabuti!"

"Miaka sita," akasema Bwana Kusano, "umepiga mabuti!"

Nilijisikia vibaya sana. Mtu nimemwona kila siku ya Mungu, nimebeba kamera kifuani, na sina hata jicho lake moja.

"Rudi nyuma," akasema Mama Momo ghafla. Aliishika kamera, vidole vyake vyenye kucha za rangi tatu vikakuza picha. "Mama Gonta, hiki nini hapa mgongoni kwa Daikichi?"

Kitu kidogo cha rangi ya chungwa. Akakuza tena. Ua. Ua lenye umbo la tarumbeta, limenasa kwenye manyoya karibu na mkia.

"Nenda jana yake," nikasema.

Jana yake, ua. Juzi yake, mawili, moja shingoni. Tukarudi nyuma mwezi mzima, ua, ua, hapana, ua. Tukafika mwanzoni mwa Julai, hakuna. Juni, hakuna. Mama Momo alianza kurukaruka na kofia ikamwanguka.

"Linamwangukia akitoka! Kila asubuhi! Anapita chini yake akitoka nyumbani!"

"Mmea wa kutambaa," akasema mzee mmoja. "Mke wangu aliutaka, nikamkatalia, unaharibu ukuta. Uko pale hekaluni."

"Wa hekaluni ulikatwa mwaka juzi," akasema mwingine.

"Kuna mmoja kwa muuza mchele."

"Ule ni wa rangi nyekundu, we mzee hufahamu rangi!"

Wakaanza kubishana, mimi sikuwasikia tena. Kichwani mwangu kulikuwa na picha moja. Mwezi wa saba, baada ya mvua, nilipanda mpaka makaburini upande wa pili wa bonde nikapiga mapaa ya mtaa wetu, kwa sababu yalikuwa yanang'aa. Nikaanza kuitafuta. Paka. Tofu. Gonta amelala. Gonta amelala. Kwa nini nampiga huyu mbwa amelala mara arobaini? Hii hapa!

Mapaa meusi, mapaa meusi, waya, nguo zilizoanikwa. Na juu kabisa, kushoto, chini ya mti mkubwa wa kafuri, kidoa cha rangi ya chungwa.

"Pale!" nikapiga ukelele. "Pale, pale, pale!"

Bwana Kusano akainyakua kamera. Akapandisha miwani, akaileta picha mpaka puani.

"Pale ni kwa mwalimu Urakawa," akasema. "Lakini hapana mtu pale. Mwalimu alishafariki. Nyumba zote tatu za mstari ule ni tupu. Nilizifuta mwenyewe kwenye orodha."

"Lini?"

"Miaka saba."

"Na tangu hapo umepanda kuangalia?"

Faili la matangazo la mtaa, linalopita nyumba hadi nyumba, lilikuwa limeacha kupanda kule. Zamu za kufagia zilikuwa zimeacha kupanda kule. Sikukuu, mazoezi ya moto, mialiko, vyote vinaishia kona ya chini.

"Ni ngazi mia mbili kumi na nane," akasema kwa sauti ndogo.

"Basi tuzihesabu!" nikamwambia, na nikaanza kukimbia.

Hapo lazima nimpe haki yake. Yule mtu alipuliza filimbi! Akikimbia, akawa anatoa amri: Mama Momo aite gari la wagonjwa, lisimame kwenye duka la tofu. Wazee wa mazoezi wajipange, mmoja kila kona ya ngazi, kuwaonyesha njia wenye machela. "Kila kona!" alikuwa akipiga kelele. "Asiondoke mtu kwenye kona yake!" Na wazee thelathini, wengine na magoti ya kupachikwa, wakatawanyika mlimani kama watoto.

Daikichi alikuwa mbele akinivuta. Sasa alikuwa ameelewa, au pengine alifurahi tu kupata mtu wa kumfuata, sijui. Ngazi ya hamsini kifua kinawaka. Ngazi ya mia, Gonta akakaa chini.

"Gonta, si leo!"

Alikaa. Nikageuka nikampa Bwana Kusano kamba.

"Shika!"

"Mimi? Bi Motomura, mimi na mbwa..."

"Shika, mwenyekiti!"

Akashika. Akafumba macho, akashika, akaanza kumvuta, na Gonta, sijui kwa mshangao au nini, akasimama akamfuata. Sijawahi kuona jambo kama lile na nilikuwa na kamera kifuani na sikupiga.

Mwisho wa ngazi kulikuwa na geti dogo, jembamba, na juu yake ule mmea umejimwaga kama nguo zilizoanikwa, umechanua kila mahali. Huwezi kupita bila kuugusa. Nikapita, maua yakanimwagikia mabegani. Moja likamwangukia Bwana Kusano juu ya upara likakaa pale pale.

Mlango ulikuwa wazi nusu. Alikuwa amelala chini pale pa kuvulia viatu, mguu mmoja ndani ya buti la buluu, mwingine mtupu, umepinda vibaya kutoka nyongani. Uso mwekundu, midomo imekauka mpaka imepasuka. Nilidhani nimechelewa. Nasema kweli, nilidhani amekwisha.

Daikichi akaingia, akamnusa sikio, akakaa kando yake na kamba yake, tayari kwa matembezi.

Jicho moja likafunguka.

"Baba Daikichi!" nikapiga magoti. Maji niliyokuwa nayo ni ya chupa ninayobeba ya kuoshea nguzo mbwa wakikojoa, lakini yalitoka bombani yakiwa safi, na sikuwa na mengine. Nikamlowanisha midomo, akanywa kidogo kidogo. Bwana Kusano akavua taulo shingoni, akalilowesha, akamwekea kichwani. Mzee akatazama huku na huku mpaka akamwona Gonta aliyekuwa anatweta mlangoni.

"Amekonda," akasema.

Basi, nikalia. Nililia kwa sauti, bila aibu, mbele ya mwenyekiti.

Wakati nafuta machozi ndipo nikaona, juu ya kabati la viatu, vifurushi viwili bapa vilivyofungwa kwa karatasi. Karatasi ilikuwa nyeupe zamani, jua la dirishani limeigeuza rangi ya chai. Bwana Kusano naye aliviona. Akatazama pembeni upesi.

Wahudumu wa gari la wagonjwa wakafika wakitweta, wameongozwa kona kwa kona. Kijana mmoja akapiga magoti, akamshika mzee mkono.

"Mzee wangu, unanisikia? Niambie jina lako."

"Baba Daikichi."

Kijana akamgeukia mwenzake. "Amechanganyikiwa."

"Hajachanganyikiwa!" tukasema mimi na Bwana Kusano kwa pamoja.

"Na huyu mama, unamfahamu?"

"Mama Gonta."

"Sahihi!" akasema mwenyekiti wa mtaa, ua likiwa bado kichwani. "Yote sahihi! Mpelekeni!"

Walimshusha ngazi mia mbili kumi na nane, na kila kona kulikuwa na mzee amesimama, anainama machela ikipita, kisha anaifuata. Tulipofika kwenye duka la tofu msafara ulikuwa wa watu thelathini na mbwa watatu. Bibi wa tofu akatoka na makapi ya soya kiganjani, akatuona, akabaki amesimama hivyo.

Nyonga ilikuwa imevunjika. Daktari alisema joto la mwili wake lilikuwa limefika pabaya, na kwamba saa moja zaidi ingetosha. Walimtengeneza, wakamfundisha kutembea upya, wakamweka hospitali miezi miwili. Daikichi alikaa kwangu. Kila asubuhi alingoja picha yake kwenye kona, akala makapi yake, akakaa chini ya bembea mpaka nimvute.

Bwana Kusano aliandika upya orodha yake. Nyumba mia moja arobaini na tatu. Hakuandika jina, aliacha nafasi, akasema hataki kulisoma kwenye makaratasi ya hospitali, ataambiwa na mwenyewe. Nilimwangalia kwa mara ya kwanza kama mtu.

Siku ya pili baada ya kurudi, mwishoni mwa Oktoba, Baba Daikichi alishuka. Fimbo mkono mmoja, mfuko wa kitambaa mkono wa pili, mabuti ya buluu. Ngazi zile alizishuka kwa saa nzima na hakutaka kushikwa. Nilipomwona anatokea bustanini nilimwachia Daikichi kamba, na yule mbwa mpole alimrukia mpaka Mama Momo akampigia mayowe: "Nyonga! Nyonga!"

Mbwa alipotulia, mzee akaingiza mkono mfukoni, akatoa vile vifurushi viwili. Kimoja akampa Bwana Kusano, kimoja akanipa mimi, kwa mikono miwili, ameinamisha kichwa.

"Ni taulo," akasema. "Za kusalimia majirani. Nilizinunua wiki niliyohamia kwenye nyumba ya shangazi, yule mwalimu. Nikaenda kulia, hapakuwa na mtu. Nikaenda kushoto, hapakuwa na mtu. Nikaona haya kuzitembeza chini kwa watu nisiowajua. Samahani, zimechelewa."

Bwana Kusano aliinama chini sana, akakaa ameinama muda mrefu. Alipoinuka macho yalikuwa mekundu, akapuliza filimbi kuwaamuru watu warudi kwenye mistari, ingawa hakuna aliyekuwa ameondoka.

Mzee akamtazama Gonta. "Leo amenona zaidi," akasema, akachukua kamba, akaanza kwenda zake, fimbo, hatua, fimbo, hatua.

Nilibaki na taulo mikononi. Kwenye ukanda wa karatasi, chini ya fundo, palikuwa na herufi za wino, zimefifia lakini zinasomeka. Jina lake. Lilikuwa limekaa pale miaka sita likingoja mtu wa kulisoma.

Nikaliita kwa sauti ile ya ukumbi wa chakula.

"Bwana Iwanaga!"

Akasimama. Akageuka upesi, akasahau fimbo, akasahau nyonga, uso wote umefunguka, anatafuta ni nani aliyemwita. Kamera ilikuwa kifuani. Nikaiinua, na safari hii sikukata shingoni.